Hodari kwenye koni, mpira unamtoroka kwenye mechi: nimpeleke akademia?

"Assalamu alaykum, mwalimu. Mimi ni mama, nakaa Langoni, Lamu. Mwanangu wa kiume ana miaka 11, na tangu ajue kusimama hajaachana na mpira. Uchochoroni hakuna wa kumkamata. Huwapiga tobo, yaani huwapitishia mpira katikati ya miguu, hata waliomzidi umri. Tatizo ni timu ya mtaa. Kocha humweka benchi, na nilipouliza nikaambiwa kipaji anacho lakini mwili hana, asubiri akue. Mazoezi yao ni kukimbia mchangani mpaka watoto wahemewe, halafu hucheza kumi na mmoja kwa kumi na mmoja. Kakake mkubwa alimwekea kwenye simu video za mazoezi ya kupitisha mpira kati ya koni za plastiki, na sasa ni miezi mitatu kila jioni akitoka chuo cha Kurani huzunguka koni uani. Kwenye koni ni hodari, ila akiingizwa mechi mpira unamtoroka na macho hayatoki chini. Mguu wa kushoto ni wa kusimamia tu. Kuna mtu ametujia akisema tumpeleke akademia Mombasa akalale huko, na kwamba tukitoa ada atamtafutia majaribio Ulaya, lakini kwanza tumpunguzie umri miaka miwili kwa kuwa ni mdogo wa umbo. Nimpeleke? Nimnunulie njumu au aendelee pekupeku? Na dadake wa miaka 9 anayecheza naye kutwa, nimwache? Nahofia nikichelewa kipaji kitapotea."

Waalaikumu salaam, mama. Umeuliza mengi kwa pamoja, lakini chini ya yote naona hofu moja, kwamba muda unakwenda na mtoto anachelewa. Kwa mvulana wa miaka 11 anayecheza kila siku kwa hamu yake mwenyewe, hofu hiyo haina msingi. Lipo jambo moja katika maelezo yako ambalo lina uzito kuliko umri wake, umbo lake na akademia ya Mombasa, nalo ni kwamba mtoto yule yule aliye hodari kwenye koni hupotea kwenye mechi. Nitakaa hapo kwa muda, kwa sababu ukilielewa hilo, mengi ya uliyoyauliza yatajijibu.

Watu wengi, makocha wakiwemo, huamini kwamba ufundi unakaa mguuni: mtoto akirudia mwendo mmoja mara elfu, mguu utaushika, na siku ya mechi utautoa wenyewe. Kuna ukweli kidogo katika imani hiyo. Mguu unahitaji kuuzoea mpira, kujua uzito wake, mahali pa kuugusa na nguvu ya kuutuma, na mtoto wa miaka 6 au 7 ambaye bado anaukanyaga mpira badala ya kuusogeza atanufaika na koni. Mwanao alikwisha kuivuka hatua hiyo uchochoroni zamani. Anachokikosa sasa koni haiwezi kumpa, kwa kuwa haisogei, haimwendei, haimdanganyi, wala haihamishi uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

Tazama chenga inavyofanya kazi. Beki anapomkaribia mchezaji, kila hatua anayopiga huuweka uzito wa mwili wake kwenye mguu mmoja, na kwa muda mfupi sana mguu huo hauwezi kunyanyuka. Mchezaji mwenye ufundi huuona mguu uliobeba, akapita upande wake, naye beki hana la kufanya mpaka kwanza auhamishe uzito. Chenga basi huanzia jichoni, na mguu hutekeleza kile ambacho jicho limekwisha kukiona. Ubongo wa mtoto hujifunza viwili hivyo vikiwa pamoja, yaani ishara na mwendo unaoijibu, na ukiiondoa ishara unabaki na mwendo usiojua utoke lini. Ni kama kijana aliyefundishwa kushika usukani katika mashua iliyofungwa gatini: mikono inajua kazi, ila hajawahi kuhisi upepo ukimgeukia.

Liko pia suala la namna ya kurudia. Mwaka 1979 watafiti wawili wa Marekani, John Shea na Robyn Morgan, waliwafundisha watu miendo mitatu ya mkono ya kuangusha vibao kwa mpangilio maalumu. Kundi moja lilirudia mwendo wa kwanza mpaka likaumaliza, kisha wa pili, kisha wa tatu; kundi jingine lilichanganyiwa yote mitatu. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilikuwa jepesi zaidi, lakini walipopimwa tena baada ya siku 10, waliochanganyiwa ndio waliofanya vizuri zaidi. Matokeo ya namna hiyo yameonekana mara nyingi tangu hapo, ingawa kwa watoto wadogo na kwa wanaoanza kabisa tofauti si kubwa hivyo. Maelezo yanayotolewa ni kwamba anayebadilishiwa kazi kila mara hulazimika kuijenga upya kila anapoirudia, ilhali anayefanya jambo lile lile huacha kufikiri baada ya mara chache. Unachokiona uani, mama, ni wepesi wa jioni ile, nao hauna uhakika wa kufika Jumamosi uwanjani.

Sisemi koni zitupwe. Zitumike dakika tano za kupasha mwili joto, kisha dadake achukue nafasi yake. Wekeni malapa mawili kila upande wa ua yawe magoli, mmoja ashambulie na mwingine akabe, na kwa kuwa binti ni mdogo kwa miaka miwili, goli analolenga yeye liwe pana zaidi ili kakake asishinde bure. Dakika 15 za mchezo huo zina ishara nyingi za kweli kuliko wiki nzima ya koni. Na kuhusu binti mwenyewe, usimwache hata kidogo. Mwaka 2024 wasichana wetu wa chini ya miaka 17, Junior Starlets, walikwenda Jamhuri ya Dominika wakawa timu ya kwanza ya Kenya, ya wanaume au ya wanawake na ya umri wowote, kucheza Kombe la Dunia la FIFA. Mavazi ya stara hayamzuii, maana sheria za mchezo zinaruhusu hijabu tangu 2014. Afundishwe kama mchezaji, asigeuzwe koni ya kakake.

Uchochoro umempa mwanao kitu ambacho watoto wengi wa viwanja vikubwa hawana. Katika njia za Mji wa Kale, ambazo baadhi yake watu wawili hupishana kwa kubanana, mtoto huuweka mpira karibu na mguu kwa sababu hakuna nafasi ya kuutupa mbele na kuukimbilia. Hapo ndipo alipopata tobo zake. Lakini uchochoro una mbele na nyuma tu. Kuta humlinda kushoto na kulia, mpira hautoki, na mpinzani, hata punda mwenye mzigo, hutokea upande unaojulikana. Uwanjani watu humjia kwa ubavu na kwa mgongo, na mtoto ambaye hajawahi kuhitaji kutazama ubavuni hushangaa mpira ukinyakuliwa na mguu ambao hakuuona ukija. Akishatishika mara mbili tatu, macho hurudi chini kwenye mpira, mahali pekee anapopaamini. Hajapungukiwa kipaji, ila hajafundishwa kuzitazama pande ambazo uchochoro haukuwa nazo.

Kuzitazama huku kunafundishika. Mtafiti wa Norwei, Geir Jordet, amewapiga picha za video wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza, akahesabu ni mara ngapi wanaugeuza uso kutoka kwenye mpira katika sekunde chache kabla ya kuupokea, na akakuta kwamba wanaotazama mara nyingi zaidi hufikisha pasi zao zaidi. Wakati wa kutazama ni pale mpira ukiwa kwa mwenzako au ukiwa njiani; ukishafika mguuni, jicho lina kazi ya kuuongoza. Ndiyo sababu kelele za "inua kichwa!" kutoka kando ya uwanja hazisaidii. Huja kwa kuchelewa, na mtoto mtiifu huupoteza mpira palepale kwa kutii.

Zoezi lake halihitaji kocha, unaweza kulifanya wewe mwenyewe. Mtoto asimame katikati, dadake akiwa mbele yake kwa hatua nane hivi na mpira, nawe ukiwa nyuma yake kwa umbali huo huo. Dada anapouandaa mguu kupiga pasi, wewe inua vidole, kimoja au viwili au vitatu, na mtoto ageuze shingo, atazame, na ataje idadi kabla mpira haujamgusa. Akishazoea, vipeni vidole maana: kimoja ni kwamba nyuma kuna beki, arudishe pasi, viwili ni kwamba nyuma ni peupe, ageuke nao. Mwanzoni atataja namba na mpira utampita. Mwacheni umpite.

Kugeuka na mpira ndiko nadhani kunakomshinda zaidi, na ukimtazama kwa makini utaona kwa nini. Mtoto anayeupokea mpira akiwa ameuelekea kifua kizima, miguu sambamba, huuzuia mbele ya vidole vyake, kisha inambidi apige hatua mbili tatu kuuzunguka kabla ya kwenda anakotaka. Hatua hizo ndizo muda ambao mkabaji huutumia kumfikia, na hapo ndipo unaposema mpira unamtoroka. Asimame kimshazari, bega moja likielekea mpira unakotoka na jingine likielekea anakokwenda. Auache mpira upite mbele ya mguu ulio karibu, kisha aupokee kwa upande wa ndani wa mguu ulio mbali, mguu ukirudi nyuma kidogo wakati wa mguso ili mwendo wa mpira upungue bila kusimama. Mguso huo mmoja humwacha uso ukiwa mbele na mpira ukiwa hatua moja kutoka mguuni, tayari kwa pasi au kwa chenga. Nikiambiwa nichague jambo moja la kumfundisha mtoto wa umri huu kwa mwaka mzima, nitachagua hili, wala sitahangaika na danadana 100.

Kuhusu mguu wa kushoto, uliposema ni wa kusimamia tu umetaja chanzo chenyewe. Kila anapopiga kwa kulia, kushoto hubeba mwili. Kwa miaka yote hiyo mguu wa kulia haujapata kufundishwa kuubeba. Anapojaribu kupiga kwa kushoto, kinachoshindwa kwanza ni kulia: anauweka mbali na mpira, goti limenyooka kama mti, mwili unaanguka kando na mpira unakwenda kombo. Watu humkosoa mguu uliopiga. Wewe tazama ule aliousimamia. Unapaswa kukaa ubavuni mwa mpira, umbali wa kiganja hivi, vidole vikielekea anakolenga na goti likiwa limekunjwa kidogo. Aanze kwa kusimama kwa kulia peke yake huku akiuviringisha mpira kwa unyayo wa kushoto, mbele na nyuma, ndani na nje, dakika moja kwa wakati mmoja. Baada ya hapo apige pasi fupi ukutani kutoka hatua tatu, na asirudi nyuma zaidi mpaka mpira umrudie mguuni mara nyingi kuliko unavyopotea. Ukuta wa mawe ya matumbawe usio na lipu una faida yake, kwani mpira hurudi kila mara kwa pembe tofauti na mtoto hulazimika kujipanga upya, ingawa pia huuchubua mpira haraka. Ombeni ruhusa ya mwenye ukuta kwanza. Nyumba za mji ulio katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 si za kubomolewa lipu kwa mashuti. Katika mchezo wa uani, bao la mguu wa kushoto lihesabiwe mawili, na mguu wa kulia usikatazwe. Kazi hii ni ya miezi mingi, na kwa muda fulani atacheza vibaya kuliko alivyokuwa. Asichekwe.

Sasa nije kwa kocha, ambaye sipendi kumhukumu kwa maelezo ya upande mmoja. Makocha wengi wa mitaa hujitolea, wana mpira mmoja au miwili kwa watoto thelathini, na kuwakimbiza ni njia ya kuwashughulisha wote kwa pamoja. Hata hivyo, kwa umri huu ni saa iliyopotea. Kukimbia kwenye mchanga laini hula nguvu takriban mara 1.6 ya kukimbia kwenye ardhi ngumu, na mtoto aliyekwisha nguvu hajifunzi mguso. Pumzi ataijenga ndani ya mchezo wenyewe, na mazoezi mazito ya mbio yatamfaa zaidi mwili ukishakomaa. Mchanga laini pia huiua pasi ya chini. Mpira hauviringiki, watoto huzoea kuuinua, na baada ya miaka kadhaa huwa hodari wa mipira ya juu na wageni wa pasi ya haraka ya ardhini.

Mchanga ulio mzuri ni ule mgumu, wenye unyevu, ambao bahari huuacha inapopwa, kama wa ufuo wa Shela. Wewe mtu wa Lamu huhitaji kufundishwa maji, lakini nimeona timu nyingi za pwani zikipanga mazoezi saa kumi na moja jioni kila siku, kana kwamba bahari nayo imekubaliana nazo. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mno kabla ya adhuhuri na huwa yamejaa alasiri. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, hupwa jioni, ingawa ufuo unaobaki si mpana kama wa bamvua. Kila siku wakati husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mazoezi ya Jumamosi na Jumapili asubuhi katika siku za bamvua, na ya jioni katika siku za maji mafu, yangewapa watoto uwanja mgumu, tambarare, usio na ada.

Jambo la pili la kumwomba kocha ni kuwagawa watoto wanne kwa wanne. Katika mchezo wa kumi na mmoja kwa kumi na mmoja mpira ni mmoja kwa watu 22, na mtoto wa pembeni anaweza kukaa dakika nyingi bila kuugusa. Wanne kwa wanne, kila mmoja yuko karibu na mpira na kila mmoja ana uamuzi wa kufanya. Ubelgiji iliubadilisha mpira wa watoto wake kwa fikra hizo, ikawaanzisha wawili kwa wawili, kisha watano kwa watano na wanane kwa wanane kabla ya kufika kumi na mmoja. Novemba 2015 nchi hiyo ndogo ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya FIFA, na 2018 ikawa ya tatu katika Kombe la Dunia. Walikuwa pia na fedha na klabu nzuri, kwa hiyo sidai kwamba hilo pekee ndilo lililowafikisha, lakini katika yote waliyoyafanya, kuwagawa watoto katika timu ndogo ndilo lisilohitaji fedha. Zungumza na kocha faraghani baada ya mazoezi, na usiende mikono mitupu: wazazi watatu mkichanga mpira mmoja wa ziada, atakuwa na njia ya kuwagawa.

Kauli yake kwamba mwili hana ina ukweli wa leo tu. Wavulana hurefuka kwa kasi kubwa zaidi wakiwa na karibu miaka 14, na wasichana karibu 12, lakini wapo wanaotangulia miaka miwili na wanaochelewa miaka miwili, hivyo katika timu moja unaweza kukuta miili iliyopishana sana ingawa vyeti vya kuzaliwa ni vya mwaka mmoja. Ongeza na mwezi wa kuzaliwa: umri ukihesabiwa kuanzia Januari, mtoto wa Desemba hushindana na wenzake waliomzidi karibu mwaka mzima, na katika akademia nyingi duniani imeonekana kwamba watoto wa miezi ya mwanzo ndio wengi. Waliotangulia kukua hushinda kwa mbio na mabavu, wakasifiwa, na baadhi yao hawajifunzi jambo jingine mpaka wenzao wawafikie. Mdogo hana njia ila kuona mapema na kuugusa mpira vizuri. Wapo wanaolisema hili kana kwamba udogo ni neema, nami sikubaliani nao, kwa sababu mdogo aliyekaa benchi hajifunzi chochote. Tatizo la mwanao ni benchi. Akikosa dakika katika timu hiyo, mtafutie mchezo kwingine, na mara moja moja acheze mtaani na watoto wa miaka 9 na 10, ambako yeye ndiye atakayeshika mpira na kuamua uende wapi.

Vifaa nitavipitia haraka. Mpira wa umri wake ni namba 4, wenye mzingo wa sentimita 63.5 hadi 66; namba 5 wa wakubwa una sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450, na mtoto anayeupiga huo hujizoesha kuurusha mwili mzima ili mpira uende. Mpira wa makaratasi msiudharau, maana haudundi na hukaa karibu. Pekupeku kwenye mchanga wenye unyevu hakuna ubaya. Penye matumbawe, chupa au changarawe avae raba za soli bapa. Njumu zingoje mpaka acheze mara kwa mara kwenye nyasi, na msimnunulie kubwa ili azikulie, kwani kiatu kinachocheza mguuni huharibu mguso na kuchubua kisigino. Kupiga kichwa kusifundishwe bado: shirikisho la Marekani lilikataza kwa watoto wa miaka 10 na chini yake mwaka 2015, na Uingereza mwaka 2020 ikaondoa mazoezi ya kichwa kwa watoto wa umri wa shule ya msingi, kwa tahadhari ya ubongo.

Yule mtu aliyewajia sitampima kwa mizani ya pande mbili. Kifungu cha 19 cha kanuni za FIFA za uhamisho wa wachezaji kinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kusajiliwa na klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kwa mfano wazazi wanapohama kwa mambo yasiyohusu mpira, au vijana wa miaka 16 hadi 18 wanaohama ndani ya Umoja wa Ulaya. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomhusu mtoto wa miaka 11 wa Langoni. Anayewadai ada ya majaribio Ulaya ama hazijui kanuni, ama anazijua vizuri sana. Kumpunguzia umri ni kughushi hati ya serikali, na tangu 2009 FIFA hutumia picha za MRI za kifundo cha mkono, zinazoonyesha ukomavu wa mfupa, katika mashindano ya chini ya miaka 17 kuwabaini waliozidi. Kucheza na wadogo mtaani bila kumdanganya mtu ni jambo moja. Kusajiliwa kwa umri wa uongo humfunga mtoto katika uongo ambao hakuutunga. Cheti chake kikae kabatini kwako, na kinachotoka kiwe nakala. Asajiliwe katika timu ya mtaa kwa jina na umri wake halisi. Kanuni hizo hizo za FIFA huzipa klabu zilizomlea mchezaji fidia ya mafunzo kwa misimu ya kuanzia mwaka anaotimiza miaka 12 hadi 21, iwapo baadaye atasajiliwa kulipwa katika nchi nyingine, na bila kumbukumbu za kweli timu yenu haitakuwa na la kudai.

Akademia ya Mombasa, hata ikiwa ya kweli, singekushauri umlaze huko sasa. Angepoteza nyumba, chuo, dadake na mchezo wake wa kila siku, kwa mafunzo ambayo mengi yanawezekana uani kwako. Akifika miaka 14 au 15, hamu yake ikiwa bado ni yake mwenyewe, na Lamu ikawa haina tena wa kumtoa jasho, swali litakuwa zito na utastahili kuliuliza upya. Wakati huo nenda mwenyewe. Kaa mazoezi mawili bila kutangaza umekuja kwa nini, hesabu mipira na watoto, uliza wanasoma shule gani, uone wanalala wapi na ni nani aliye nao usiku, na umtafute mzazi ambaye mtoto wake ameondoka hapo, kwa kuwa aliyebaki ana sababu ya kusifu. Mtu mzima yeyote, hapa au huko, akimtaka mtoto faraghani au akimpa zawadi za siri, piga 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto.

Niliyoandika nimeyaandika bila kumwona mwanao akicheza. Kocha aliyesomea mpira wa watoto akipatikana kisiwani, hata kwa siku ya mashindano tu, mwombe amtazame katika mchezo mdogo kwa dakika 20, na ikiwa ataona mambo kinyume na nilivyodhani, lifuate lake.

Daktari naye asingojwe mpaka mtoto ashindwe kutembea. Katika umri huu kisigino kikiuma baada ya mbio, au mfupa ulio chini ya goti ukivimba na kuuma ukiguswa, mara nyingi ni sehemu ya ukuaji wa mfupa inayovutwa na kano, na kwa kawaida hutulia kwa kupunguza mazoezi kwa wiki kadhaa. Lakini akichechemea, maumivu yakimwamsha usiku, au yakipita wiki mbili bila kupungua, mpeleke hospitali apimwe. Akigongwa kichwani asirudi uwanjani siku hiyo hata kama anasisitiza yu mzima. Na akitapika, akichanganyikiwa au akisinzia isivyo kawaida, mpelekeni saa hiyo hiyo.